Nguvu ya Polisi Ina Kipimo Chake

Mazungumzo ya redio juu ya amani, yaliyoandikwa kwa ajili ya familia zilizohama makwao na viongozi wa mitaa

Wewe unayesoma maneno haya kwenye karatasi, tafadhali msomee na jirani asiyejua kusoma.

Leo tunazungumza juu ya jambo linalobishaniwa sokoni, bandarini Kalundu na kwenye bomba la maji. Polisi ana haki ya kutumia nguvu kiasi gani?

Wako wanaosema: «Wezi wamezidi. Polisi apige, hata kwa risasi, ndipo tutalala.» Wako wengine wanaosema: «Polisi mwenyewe ndiye anayetutisha. Tukimwona usiku tunapita njia nyingine.» Pande zote mbili zina uchungu wa kweli. Mama aliyeibiwa sufuria na blanketi kambini hakubaki na kitu kingine. Na mama ambaye mtoto wake alitoka kasho na mgongo uliovimba, naye ana machozi yake. Tusimcheke mmoja wala mwingine. Kwanza tuulize sheria inasema nini, kisha tuulize sisi wenyewe tufanye nini.

Nguvu hii ni ya nani?

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema, katika kifungu cha 182, kwamba kazi ya Polisi ya Taifa ni usalama wa watu na mali zao, na kulinda utulivu wa umma. Kifungu cha 183 kinaongeza kwamba polisi haina chama, inatumikia taifa zima, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuigeuza kuwa chombo chake. Maana yake ni kwamba bunduki na fimbo ya polisi si mali yake, wala si mali ya mkubwa wake, wala ya tajiri aliyempa makuta ili amkomeshe adui yake. Ni vitu alivyoazimwa na raia kwa njia ya sheria. Na kitu cha kuazima hutumiwa kwa kazi uliyokiazimia.

Sheria ya polisi ya tarehe 11 Agosti 2011 inaweka kipimo. Nimekigawa katika maswali matatu, ili hata mtoto wa shule aweze kuyakumbuka.

Swali la kwanza: ilikuwa lazima? Polisi hutumia nguvu pale tu ambapo njia nyingine imeshindikana, na kwa kusudi ambalo sheria inalikubali. Kumpiga mtu aliyekwisha kufungwa kamba si lazima. Hiyo ni adhabu, na polisi hana kazi ya kuadhibu. Adhabu ni ya hakimu.

Swali la pili: ilikuwa kadiri? Nguvu ilingane na hatari. Tuchukue mfano. Kijana amenyakua simu, anakimbia mikono mitupu. Polisi anaweza kumfukuza, kumshika na kumfunga pingu. Kumpiga risasi mgongoni kwa ajili ya simu, hapana. Kanuni zilizokubaliwa na Umoja wa Mataifa mjini Havana mwaka 1990 zinasema kwamba silaha ya moto ni ya kuokoa maisha yaliyo hatarini, na kwamba polisi aonye kwanza, ila kama kuonya kutaleta hatari zaidi. Aliyejeruhiwa apate msaada haraka, hata kama ni mwizi.

Swali la tatu: nani atajibu? Kila risasi iliyotoka ina mtu aliyeifyatua, na pengine mkubwa aliyetoa amri. Nanyi polisi mnaotusikiliza, sikieni kifungu cha 28 cha Katiba: hakuna anayelazimika kutekeleza amri ambayo ubaya wake kisheria uko wazi. Kwa hiyo kusema «nilitumwa» si kinga ya kila kitu.

Makaburi ya Mutarule na ya Kamanyola

Ndugu zangu, haya si maneno ya vitabu tu. Bonde letu la Ruzizi lina majeraha mawili yanayotufundisha.

La kwanza ni la Mutarule. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wenye silaha waliwashambulia wanakijiji, wengi wao wakiwa katika ibada. Watu wasiopungua 30 waliuawa, wanawake na watoto wakiwamo. Askari wa jeshi letu na walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa umbali wa kilometa chache, na habari ziliwafikia. Hawakufika kuzuia. Hapo watu walikufa kwa sababu wenye wajibu wa kutumia nguvu kuwalinda hawakuitumia.

La pili ni la Kamanyola. Tarehe 15 Septemba 2017 wakimbizi wa Burundi waliokuwa wakiishi hapo walikusanyika kudai wenzao waliokamatwa na vyombo vya usalama waachiwe. Maneno yakawa makali, mawe yakarushwa, na bunduki zikajibu. Wakimbizi wasiopungua 36 waliuawa na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Askari jeshi mmoja naye alipoteza maisha. Mwezi wa Machi 2018 wale waliobaki, wapatao elfu mbili na zaidi, walivuka kwenda Rwanda, na baadaye wengi wao wakarudi Burundi.

Kwa nini ninayataja pamoja? Kwa sababu yanawajibu wale watu wetu wawili wanaobishana. Anayesema «polisi wasiwe na nguvu kabisa» akumbuke Mutarule. Anayesema «wapige tu» akumbuke Kamanyola. Tunachotaka ni nguvu inayofika wakati raia anapoihitaji, na inayojizuia wakati raia anapolalamika.

Angalieni pia namna jambo la Kamanyola lilivyoanza. Lilianza na watu kukamatwa, na wenzao kutaka kujua habari zao. Katiba, kifungu cha 18, inasema mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, na asikae mikononi mwa polisi kupita saa 48. Baada ya hapo aachiwe au apelekwe mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Pale ambapo familia inapewa jibu la kweli mapema, hasira hupungua. Pale ambapo kila mlango umefungwa, kundi la watu hukua barabarani, na askari mwenye woga hushika bunduki.

Na sisi raia je?

Hatuwezi kumlaumu polisi peke yake. Mara ngapi tumesikia kilio cha «mwizi!» na katika dakika chache mtu amezungukwa kwa mawe na tairi? Watu husema dawa ya moto ni moto. Sisi tuliokimbia nyumba zinazoungua tunajua kwamba moto wa pili huchoma nyumba ya tatu. Ukiua mtu kwa tuhuma, umefanya lilelile unalomkataza polisi. Hukuuliza kama ilikuwa lazima, hukupima kadiri, na hakuna anayejibu, kwa kuwa kila mmoja anasema «lilikuwa kundi».

Vilevile tuache kukamata mama kwa kosa la mtoto wake, au kuwalaumu watu wa kabila zima kwa kosa la mmoja. Kifungu cha 17 cha Katiba kiko wazi: kosa la jinai ni la aliyelitenda. Mgeni kambini si mwizi kwa sababu ni mgeni, wala jirani si mwuaji kwa sababu ya lugha anayoisema.

Ninyi familia mfanye nini?

Ndugu yenu akikamatwa, ulizeni kwa upole: amepelekwa wapi, kwa sababu gani, na nani anashika faili yake. Hesabuni saa tangu alipokamatwa. Mkiambiwa mlipe, ombeni karatasi ya Serikali inayoonyesha malipo hayo. Pasipo karatasi, jihadharini.

Mtu akipigwa, mpelekeni hospitali mapema mpate hati ya daktari, maana jeraha hupona na ushahidi hupotea. Andikeni siku, saa, mahali, na majina ya walioona. Kama polisi ana namba au jina kwenye nguo zake, lishikeni kichwani. Nguo yenye damu msiifue.

Kesi za polisi na askari jeshi husikilizwa na mahakama za kijeshi. Hapa Uvira mnaweza kupeleka malalamiko kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi, yule tunayemwita oditora. Kama mnaogopa kwenda peke yenu, nendeni na shefu wa kartye, mchungaji, padri, imamu, au chama cha haki za binadamu. Na msiseme kwamba wakubwa hawahukumiwi kamwe. Baada ya askari kuua raia zaidi ya 50 mjini Goma tarehe 30 Agosti 2023, siku ambayo polisi mmoja naye aliuawa na watu wenye hasira, mahakama ya kijeshi ilimhukumu kanali mmoja mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Si kila kesi huenda haraka namna hiyo. Lakini kesi ambayo haikuandikwa popote haiendi kabisa.

Ninyi viongozi mfanye nini?

Shefu wa avenu, shefu wa kartye, mzee wa kambi: kazi yenu ni kufika kabla ya bunduki. Watu wakitaka kuandamana, wakumbusheni kifungu cha 26: waandalizi waiarifu serikali kwa maandishi. Kuarifu si kupiga magoti kuomba ruhusa. Lakini barua hiyo inampa meya na komanda nafasi ya kupanga njia, nanyi nafasi ya kuteua vijana wenye akili wa kuzuia mawe. Maandamano yawe ya amani na bila silaha.

Agizo la Serikali la Septemba 2013 liliunda mabaraza ya usalama wa karibu, ambamo utawala, polisi na wajumbe wa raia hukaa pamoja. Ulizeni kwenu baraza hilo liko wapi. Kama limelala, liamsheni, hata kwa mkutano mdogo mara moja kwa mwezi chini ya mwembe. Mkae na komanda kabla ya shida, mjue sura yake naye ajue zenu. Na mtu wa kambini awe na kiti humo, mwanamke hasa, kwa kuwa ndiye anayejua ni njia gani ya kwenda mtoni ina hatari.

Je, wakati wa vita?

Najua swali lenu. Mwezi wa Disemba 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Uvira, na watu wengi walivuka kwenda Burundi. Tumeona wenye bunduki wa namna nyingi. «Bwana wa sheria, Katiba inatusaidia nini?»

Nitajibu hivi. Kifungu cha 61 kinasema kwamba hata wakati wa hatari kuu, haki ya kuishi na katazo la kutesa watu haviwekwi kando. Na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inamfunga kila anayebeba silaha, wa serikali na asiye wa serikali: raia na mtu aliyekwisha kuweka silaha chini wasiguswe. Karatasi haizuii risasi, hilo ni kweli. Lakini vita vina mwisho, na siku ya hesabu huulizwa nani aliona, nani aliandika, nani alikumbuka.

Basi jioni ya leo, mkiwa mmeketi jikoni au mbele ya hema, ulizaneni maswali yetu matatu: Ilikuwa lazima? Ilikuwa kadiri? Nani atajibu? Muulizeni polisi, na mjiulize wenyewe kabla hamjaokota jiwe.

Mungu awalinde usiku huu, na alinde na wale wanaolala nje.