Cabo Delgado katika Uchaguzi wa Urais wa 1999

Uchaguzi mkuu wa pili wa vyama vingi nchini Msumbiji ulifanyika tarehe 3 hadi 5 Desemba 1999. Kiti cha urais kiligombewa na watu wawili tu: Joaquim Chissano wa Frelimo, aliyekuwa madarakani tangu kifo cha Samora Machel mwaka 1986, na Afonso Dhlakama wa Renamo, chama kilichopigana na serikali msituni hadi 1992. Wengine waliotaka kugombea walienguliwa kwa kukosa saini 10,000 halali. Chissano alishinda kwa asilimia 52.29 dhidi ya 47.71. Hakuna uchaguzi wa urais nchini humo, kabla wala baada ya huo, ambao wagombea wawili wa kwanza walikaribiana kiasi hicho.

Ramani ya matokeo iliigawa nchi. Dhlakama alichukua Sofala, Manica, Tete, Zambézia, Nampula na Niassa, mikoa sita ya katikati na kaskazini. Chissano alichukua kusini yote: Inhambane, Gaza, mkoa wa Maputo na jiji la Maputo. Mbali na huko alipata mkoa mmoja tu, nao ni Cabo Delgado, ulio kona ya kaskazini-mashariki kabisa, ng'ambo ya Mto Ruvuma ukitokea Mtwara. Ni mkoa ulio mbali na Maputo kuliko mingine mingi, maskini, wenye Waislamu wengi na watu wanaosikilizana kwa Kiswahili na ndugu zao wa Tanzania. Kwa nini ulisimama na kusini wakati majirani zake wote wawili, Nampula na Niassa, walikwenda kwa Renamo?

Jibu linaanzia milimani. Uwanda wa juu wa Mueda, makao ya Wamakonde, ndio ulioibeba Frelimo tangu utoto wake. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda, na tukio hilo likawa jeraha ambalo kila familia ya uwandani ilililea. Miaka miwili baadaye Frelimo ilianzishwa Dar es Salaam. Tarehe 25 Septemba 1964 kundi la wapiganaji likiongozwa na Alberto Chipande, Mmakonde, lilishambulia kituo cha Wareno cha Chai, katika eneo la Macomia, na vita vya ukombozi vikaanza. Vijana walivuka Ruvuma kwenda kufunzwa Nachingwea na kurudi na bunduki. Wazee na akina mama walibeba risasi na chakula vichwani. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975, wapiganaji wa uwandani walishika vyeo jeshini na serikalini, na baadaye pensheni za wapigania uhuru zikawa riziki ya nyumba nyingi. Kwa mtu wa Mueda, kuipigia kura Frelimo kulikuwa sawa na kuikubali historia ya baba yake.

Pwani ilikuwa na hesabu nyingine. Kuanzia Palma hadi Pemba, kupitia Mocímboa da Praia, Quissanga na kisiwa cha Ibo, wanaishi Wamwani, wavuvi na wafanyabiashara ambao lugha yao, Kimwani, ni jirani wa karibu sana wa Kiswahili. Watu wa huku nao waliteswa na ukoloni, lakini mwaka 1975 hawakuingia katika utawala mpya kwa mlango mmoja na wapiganaji wa uwandani. Kisha mwaka 1977 Frelimo ilijitangaza kuwa chama cha Kimarx. Machifu waliondolewa, dini zikabanwa, na wananchi wakahamishiwa katika vijiji vya pamoja; Cabo Delgado ni miongoni mwa mikoa iliyoguswa zaidi na uhamishaji huo. Kwa mji wenye misikiti, madrasa na masharifu wake, hayo hayakuwa mambo madogo. Manung'uniko ya pwani yalikuwa yale yale mwaka hata mwaka: kazi za serikali, ardhi na heshima vinakwenda kwa watu wa juu, na sisi tunabaki na bahari. Renamo ilipogeuka kuwa chama cha siasa na kuahidi kurudisha hadhi ya machifu na kuheshimu dini, ilipata masikio Mocímboa da Praia.

Kusini na magharibi mwa mkoa, Montepuez, Namuno, Balama na Chiúre, wanaishi Wamakua, kabila kubwa kuliko yote mkoani na lenye ndugu wengi Nampula, ambako Renamo ilikuwa na nguvu. Kwa hiyo neno Cabo Delgado linapotajwa kama ngome ya Frelimo, linaficha kaya nyingi zisizokuwa za Frelimo hata kidogo.

Uchaguzi wa kwanza, wa Oktoba 1994, ulikwisha kuonyesha mgawanyiko huo. Ulifanyika miaka miwili baada ya Mkataba wa Amani wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992, chini ya macho ya Umoja wa Mataifa, na karibu watu tisa kati ya kila kumi walioandikishwa walijitokeza. Cabo Delgado ilikuwa na viti 22 vya ubunge: Frelimo ilipata 15, Renamo sita, na kimoja kikaenda kwa Umoja wa Kidemokrasia, muungano wa vyama vidogo ambao wengi hawakuwahi kuusikia. Maelezo yanayokubalika ni kwamba jina la Chissano lilikuwa la mwisho katika karatasi ya urais, na wafuasi wakafundishwa kuweka alama chini kabisa. Katika karatasi ya ubunge uliokuwa chini kabisa ni Umoja wa Kidemokrasia. Mwaka huo Niassa pia ilimpa Chissano ushindi. Miaka mitano baadaye ikageuka, Cabo Delgado haikugeuka.

Kati ya chaguzi hizo mbili Renamo ilijinyima nafasi. Tarehe 30 Juni 1998 ilisusia uchaguzi wa kwanza wa serikali za miji, na Pemba, Montepuez na Mocímboa da Praia zikaangukia mikononi mwa Frelimo bila ushindani wa kweli. Katika mji kama Mocímboa hilo lilikuwa na athari, kwani halmashauri ndiyo inayotoza ushuru sokoni na kugawa viwanja. Mwaka 1999 Renamo ilirudi ikiwa imeungana na vyama vidogo kumi kwa jina la Renamo-União Eleitoral.

Siku ya kupiga kura utaratibu ulikuwa mmoja, Palma kama Maputo. Mpiga kura alionyesha kadi yenye picha yake, akapewa karatasi mbili, moja ya rais na moja ya ubunge, akaingia nyuma ya pazia. Asiyejua kuandika, na pwani walikuwa wengi, hasa wanawake, aliweka dole gumba. Katika karatasi ya rais aliziona sura mbili. Katika ile ya ubunge alizitafuta alama alizozizoea kwenye kanga na mabango ya kampeni: ngoma na hindi vya Frelimo, kwale wa Renamo. Akatumbukiza karatasi katika masanduku mawili na kidole chake kikatiwa wino usiofutika. Siku mbili zilizopangwa hazikutosha, ikaongezwa ya tatu. Mawakala wa vyama walikaa chumbani muda wote, na kituo kilipofungwa kura zilihesabiwa papo hapo kwa mwanga wa taa, kisha fomu ya matokeo ikabandikwa ukutani. Hapo ndipo uchaguzi ulipokuwa safi kuliko mahali pengine popote, na waangalizi wa ndani na wa nje hawakupishana sana juu ya hilo.

Mambo yaliharibika zilipoondoka fomu kituoni. Kujumlisha kulifanyika kwanza mkoani, halafu Maputo. Mamia ya fomu kutoka nchi nzima hayakuingizwa kwenye hesabu ya mwisho kwa sababu yalikuwa na makosa ya tarakimu au hayakusomeka. Karibu kura moja kati ya kumi ilikuwa tupu au imeharibika. Tofauti kati ya Chissano na Dhlakama ilikuwa kura 204,678, na Renamo ikasema kwamba fomu zilizoachwa zingeweza kuyageuza matokeo. Tume ya Taifa ya Uchaguzi ingeweza kumaliza ubishi huo kwa kuzichapisha fomu zote, kituo kwa kituo. Haikufanya hivyo, na kosa hilo liliigharimu nchi kuliko wizi wowote uliodaiwa.

Matokeo yalitangazwa tarehe 22 Desemba 1999, katikati ya mwezi wa Ramadhani. Cabo Delgado ilikuwa imempa Chissano wingi wa kutosha, na viti vyake 22 vya ubunge viligawanywa 16 kwa Frelimo na sita kwa Renamo. Kiti kimoja kilichopotelea kwa Umoja wa Kidemokrasia mwaka 1994 kilikuwa kimerudi kwa Frelimo, lakini Renamo haikupungukiwa hata kimoja. Bungeni Frelimo ilipata viti 133 na wapinzani 117. Mahakama ya Juu ya nchi ilitupa rufaa ya Renamo tarehe 4 Januari 2000, na Chissano akaapishwa katikati ya mwezi huo.

Dhlakama hakuyakubali matokeo. Alidai kura zihesabiwe upya, au Renamo ipewe haki ya kuteua wakuu wa mikoa katika ile sita aliyoshinda. Cabo Delgado haikuwamo katika dai hilo, ila ndiko damu ilikomwagika zaidi. Tarehe 9 Novemba 2000 Renamo iliitisha maandamano nchi nzima. Mjini Montepuez waandamanaji walivamia kituo cha polisi na gereza, wakachukua silaha. Polisi kadhaa na raia wengi waliuawa. Nchi nzima walikufa watu zaidi ya 40 siku hiyo, sehemu kubwa yao Montepuez.

Msako uliofuata ulikuwa mbaya zaidi ya maandamano yenyewe. Watu walikamatwa kwa makumi na kusukumwa katika chumba kimoja kidogo cha mahabusu chenye hewa haba. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Novemba wafungwa wasiopungua 83 walikufa humo kwa kukosa pumzi. Baadhi yao hawakuwa na habari ya siasa. Walikuwa wamezolewa barabarani. Maiti zilizikwa pamoja, nyingi bila jamaa kuitwa. Jioni ya tarehe 22 hiyo hiyo jijini Maputo aliuawa mwandishi Carlos Cardoso, aliyekuwa akifuatilia kashfa ya benki, na macho ya dunia yakaelekea huko. Vifo vya Montepuez, ambavyo ni miongoni mwa maafa makubwa kuwahi kutokea ndani ya kuta za dola nchini humo tangu vita viishe, vikapata nafasi ndogo magazetini. Mwaka 2001 maafisa wa polisi walitiwa hatiani mahakamani. Chissano na Dhlakama walikutana Desemba 2000 na ghasia zikatulia, pasipo dai lolote kubwa la Renamo kutimizwa.

Uchaguzi wa 2004 ulimwingiza Armando Guebuza, naye wa Frelimo. Waliopiga kura walikuwa wachache kuliko nusu ya walioandikishwa. Wengi walikwisha kata tamaa. Cabo Delgado iliipa Frelimo viti 18 na Renamo vinne, na mtu aliyetazama takwimu za mkoa peke yake angedhani upinzani umekwisha. Mocímboa da Praia haikuwa hivyo. Mei 2005 uchaguzi mdogo wa meya ulimalizika kwa ushindi mwembamba wa Frelimo. Mgombea wa Renamo aliukataa, wafuasi wake wakamwapisha meya wao, na mwanzoni mwa Septemba mapigano yakazuka mitaani, majirani wakachomeana nyumba. Watu wasiopungua wanane walikufa, na wengi walijeruhiwa.

Tarehe 5 Oktoba 2017 mji huo huo ulishambuliwa na watu wenye silaha, na vita vilivyoanza siku hiyo vimewahamisha mamia ya maelfu ya watu wa pwani na wa uwandani. Vita hivyo vina mizizi yake mingine na si haki kuvibebesha sanduku la kura. Lakini serikali iliyodai kushangazwa na hasira ya Mocímboa da Praia ilikuwa na ushahidi mkononi tangu miaka mingi nyuma, na sehemu ya ushahidi huo ni kura za Desemba 1999.