Linki Fupi Yenye Jina Lako: Mteja Aiamini, Nayo Isipotee

Umepiga picha za sufuria zako mpya, ukaziweka kwenye tovuti, ukamtumia mteja linki. Ni ndefu kama foleni ya Outer Ring Road jioni: herufi, namba, alama za asilimia. Mteja anajiuliza, "Hii si ya wakora kweli?" Haifungui, na oda imeenda. Huwezi kumlaumu. Sote tumeonywa tusibonyeze linki tusizozijua.

Wengi hukimbilia huduma za bure za kufupisha linki, kama Bitly. Zinasaidia, lakini zina shida mbili.

Kwanza, linki za bure kwa kawaida hubeba jina la huduma, si la biashara yako, na matapeli pia huzitumia kuficha wanakokupeleka. Pili, mlango si wako. Google ilianzisha goo.gl mwaka 2009, na kufikia 2019 ikaacha kutengeneza linki mpya. Mwaka 2025 ikaanza kuzima zile zilizokuwa hazitumiki. Sasa fikiria umechora linki kama hiyo kwenye geti la karakana yako pale Kariobangi Light Industries!

Dawa ni kutumia jina lako mwenyewe. Fanya hivi:

1. Pata jina. Kama una tovuti, tayari unalo. Kama huna, nunua jina la .co.ke kwa kampuni iliyoidhinishwa na KeNIC, shirika linalosimamia majina ya .ke. Ada hulipwa tena muda ukiisha, kwa hivyo weka kikumbusho kwenye simu. Ukisahau, linki zote zinakufa.

2. Tengeneza njia ya mkato. Ingia kwenye akaunti yako kwa kampuni inayohifadhi tovuti, utafute sehemu ya "Redirects". Hapo unaweza kuelekeza jinalako.co.ke/bei kwenye ukurasa wa bei, na jinalako.co.ke/oda kwenye WhatsApp yako.

3. Chagua "Temporary" (302). Ukichagua "Permanent" (301), simu ya mteja inaweza kuikumbuka njia ya zamani hata baada ya wewe kuibadilisha.

4. Unataka kuhesabu wanaobonyeza? Kuna YOURLS, programu ya bure unayoiweka kwenye tovuti yako. Inahitaji PHP na MySQL, kwa hivyo uliza kwanza kama kampuni yako inazo. Weka nenosiri gumu: anayeingia humo anaweza kuwapeleka wateja wako kwa tapeli.

5. Jaribu kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kuchapisha kadi au kupaka rangi geti.

Na kumbuka: linki yako ni ya kuonyesha bei na kupokea oda. Mteja alipe kupitia menyu ya simu yake au programu rasmi, na aangalie jina la biashara kabla ya kuweka PIN. Sisi hatuombi PIN kupitia linki, iwe fupi au ndefu. Nawe usiwahi kumwomba mteja wako.