MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutumiwa zaidi na wenye maduka, lakini leo twapenda kuitumia kwa mali ya namna nyingine, nayo ni maarifa yatokayo katika maabara zinazogharimiwa na fedha za wananchi. Yaliyotukia Uingereza ni funzo kubwa.

Katika mji wa Cambridge iko maabara mashuhuri ya Baraza la Utafiti wa Tiba, chombo cha umma kilishwacho na kodi. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa hapo, César Milstein, mzaliwa wa Argentina, na Georges Köhler, kijana wa Kijerumani, walifanya jambo la ajabu. Mwili ukivamiwa na vijidudu hutengeneza kingamwili za kupambana navyo. Lakini chembe zitengenezazo kingamwili hizo, zikitolewa mwilini, hufa upesi. Mabwana hawa waliiunganisha chembe ya namna hiyo, iliyotoka kwa panya, na chembe ya saratani isiyokoma kuzaana. Ikapatikana chembe yenye sifa za wazazi wote wawili: yaendelea kuzaana, na yatoa kingamwili ya aina moja tu, isiyochanganyika.

Habari hiyo ilichapishwa Agosti mwaka ule katika jarida la Nature. Baraza lilikuwa limekwisha kuwajulisha watu wa serikali, na kazi ya kulinda uvumbuzi wa namna hiyo ilikuwa ya shirika la taifa lililoundwa baada ya vita kwa kusudi hilo. Mwaka 1976 shirika likajibu kwamba ni vigumu kuona matumizi yo yote ya karibu. Hataza, yaani hati impayo mvumbuzi haki juu ya uvumbuzi wake, haikupatikana. Milstein naye aliwagawia wataalamu wenzake chembe zake walipoziomba. Baadhi yao walikuwa Philadelphia, Marekani. Nao ndio waliopewa hataza, kuanzia mwaka 1979, kwa kingamwili walizozipata kwa njia ile ile.

Waingereza wakaghadhibika, wakakumbuka na penisilini, iliyogunduliwa London mwaka 1928 na kufanywa dawa Oxford wakati wa vita, kisha hataza za njia za kuitengeneza kwa wingi zikachukuliwa Marekani. Mwaka 1980 kamati ya Alfred Spinks iliitaka serikali iamke, na mwaka huo huo ikaanzishwa kampuni ya Celltech, serikali ikiwa na hisa ndani yake. Milstein na Köhler walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Kosa lilikuwa la nani? Wako wamlaumuo Milstein kwa ukarimu wake. Sisi hatukubali. Elimu hukua kwa kugawiwa, na mtafiti si karani wa ghala. Aliyelala ni yule aliyewekwa na umma kushika daftari.

Funzo lilisikika. Mwaka 1986 Greg Winter, wa maabara ile ile, alionyesha jinsi ya kuifanya kingamwili ya panya ifanane na ya binadamu, ili mwili wa mgonjwa usiikatae. Safari hii hataza ziliandikwa, na ada zilizolipwa na makampuni zilirudi kwa Baraza. Jengo jipya la maabara, lililofunguliwa mwaka 2013 kwa gharama ya paundi milioni 212, lililipiwa kwa sehemu na fedha hizo.

Hata hivyo daftari peke yake halitoshi. Celltech iliuzwa kwa kampuni ya Ubelgiji mwaka 2004. Kampuni nyingine ya Cambridge, ambayo Winter alishiriki kuianzisha mwaka 1989, ilinunuliwa na AstraZeneca mwaka 2006. Dawa ya baridi yabisi iliyotokana na kazi yake, adalimumab, iliruhusiwa Marekani mwaka 2002, ikawa miongoni mwa dawa zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani, na huko bei yake ikapandishwa mwaka hata mwaka. Mfanyakazi wa Kiingereza alilipa kodi ili utafiti ufanyike. Kisha akalipa kodi tena ili hospitali za taifa lake ziinunue dawa hiyo.

Ndugu msomaji asidhani kwamba mambo haya yako mbali. Kile kipimo cha haraka cha malaria, ambacho mganga wa zahanati hukidondoshea tone la damu ya mtoto na kungoja mstari utokee, hufanya kazi kwa kingamwili zilizopatikana kwa njia ya Milstein na Köhler. Wafadhiliwa wa ukarimu ule ni sisi pia.

Basi na sisi, wenye watafiti wetu na maabara zetu, tuyaandike mambo mawili kabla ya kutoa fedha za umma. Kwanza, kilichopatikana kwa jasho la wote kiandikwe kuwa ni cha wote. Pili, kampuni itakayopewa haki ya kukitengeneza ifungwe na sharti la bei ambayo mkulima na mfanyakazi waweza kuimudu. Daftari lisilo na sharti hilo humtajirisha mwenye duka, na mwenye shamba hubaki na jembe lake.