Umekatwa mguu? Usiuze Black Mamba yako bado

Ngoliba, baiskeli si ya kujibamba wikendi. Ni gari la kazi. Inabeba mitungi ya maji, nyasi za ng'ombe, gunia la mahindi, na mwenyewe hadi barabara ya Garissa kushika matatu ya Thika. Ndiyo maana mtu akikatwa mguu, iwe ni ajali ya bodaboda au kisukari, swali halikawii: sasa hii baiskeli ataendesha na nini? Wauze tu.

Hebu tulia kwanza. Kama umekatwa chini ya goti, injini yako bado iko. Nguvu nyingi ya kukanyaga pedeli hutoka kwenye makalio na paja, halafu goti linaipitisha. Tena ukikaa kwenye baiskeli, kiti ndicho kinabeba sehemu kubwa ya uzito wako. Ukitembea, kigutu kinabeba kila hatua.

Mcheki Emmanuel Ofosu Yeboah wa Ghana. Alizaliwa na mguu wa kulia wenye kasoro, na mwaka wa 2001 akazunguka nchi yake kwa baiskeli akikanyaga kwa mguu mmoja, karibu kilomita 600. Mwaka uliofuata huko California, safari ya maili 56 (kama kilomita 90) ilimchukua takriban saa 7. Baadaye mguu ule ukakatwa chini ya goti, akawekewa wa bandia. Mwaka wa 2003 alirudia safari hiyo kwa takriban saa 4. Jamaa ni yuleyule, ila sasa anakanyaga pande zote mbili.

Lakini usidhani ni kuvaa mguu na kuondoka. Mguu bandia wa kawaida umetengenezewa kutembea, na kwenye baiskeli unaleta shida mbili. Kwanza, pedeli ikifika juu goti linakunjika sana, na ukingo wa nyuma wa soketi (lile kombe la kuvalia kigutu) unakata nyama nyuma ya goti. Pili, unyayo hausikii kitu. Unaweza kuteleza kwenye pedeli na usijue.

Dawa iko kwa mafundi wawili ambao hukutana kwa nadra. Wa miguu bandia anaweza kupunguza ukingo wa nyuma kidogo bila kulegeza soketi. Wa baiskeli naye ana kazi yake. Mkono wa pedeli huwa na urefu wa milimita 170 hivi. Upande wa mguu bandia akiweka wa 150, goti halitakunjika sana. Akikosa mkono mfupi, apandishe kiti kidogo. Pedeli iwe pana na yenye meno, na katikati ya unyayo ikae juu yake, si vidole. Usifunge mguu bandia kwenye pedeli ukiwa bado unajifunza. Ukianguka, utaanguka nayo.

Kwa hivyo siku ya kwenda kupimwa mguu, beba baiskeli. Ikishindikana, pigwa picha ukiwa umeikalia, pedeli moja juu kabisa. Usiseme tu "nataka mguu." Sema "nataka mguu wa kuendesha baiskeli."

Anza mazoezi kidonda kikiwa kimepona kabisa na daktari amekubali. Tafuta uwanja tambarare, si lami ya malori. Ukisimama, egemea upande wa mguu mzima. Ukishuka, vua mguu bandia na ukague ngozi. Wekundu usiopotea baada ya dakika chache maana yake kuna mahali panabana. Mwenye kisukari asingoje maumivu, kwa sababu huenda asiyasikie. Atumie macho na kioo.

Pesa? Hapo ndipo wengi hukwama. Shirika la APDK, lililoanza 1958, hutengeneza miguu bandia. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nalo husaidia waliosajiliwa kupata vifaa, kwa hivyo jisajili mapema, usingoje.

Na wewe fundi wa baiskeli pale sokoni, mteja kama huyu akija usimwangalie mguu kwa huruma. Mwambie akae kwenye kiti, azungushe pedeli polepole, kisha muulize ni wapi panamuuma. Hapo ndipo spana inaanza kazi.