Kichomi Kikitulia, Usishangilie Mapema

Mvuvi wa omena huko Sori, kwenye ghuba ya Karungu, hufanya kazi usiku, taa zikielea ziwani. Akianza kukohoa na kuchomwa ubavuni kila avutapo pumzi, husema ni baridi ya ziwa. Hununua vidonge vya maumivu dukani na kurudi majini. Baada ya siku kadhaa kichomi hutulia, mkewe akashukuru. Kumbe huenda hapo ndipo shida inapoanza.

Msomaji, kila pafu limevikwa ngozi mbili nyembamba. Moja imeshikamana na pafu, nyingine na ukuta wa kifua. Kati yao mna majimaji machache tu, vijiko vichache vya chai. Chukua vipande viwili vya kioo, uvilowanishe na kuviweka pamoja. Vitateleza, lakini kuvibandua ni kazi. Ndivyo pafu linavyoshikiliwa: kanieneo ya nafasi ile ni ndogo kuliko ya hewa ya nje, kwa hiyo kifua kikipanuka, pafu nalo hupanuka.

Ugonjwa ukiingia, ngozi hizo huvimba na kukwaruzana. Hicho ndicho kichomi. Kisha majimaji huzidi, zikatengana. Maumivu yanaondoka, na pumzi inaanza kupungua. Maji yanaweza kupita lita mbili. Pafu husinyaa, na hata moyo husukumwa upande wa pili. Mgonjwa hupenda kulalia ubavu wenye maji ili pafu lililo zima lipate nafasi, na kutoka ufukweni hadi sokoni humwia kama kupanda mlima.

Moyo dhaifu, nimonia na saratani huleta maji hayo pia. Lakini kandokando ya ziwa, ambako Ukimwi umepiga kuliko sehemu nyingi za Kenya, cha kushukiwa kwanza ni kifua kikuu. Wapo watakaosema ni chira, mwiko umevunjwa, na miezi ikapotea. Tena makohozi yakipimwa huenda yasionyeshe kijidudu, maana ugonjwa umejificha nje ya pafu.

Daktari hugonga kifua kwa kidole na kusikiliza. Mbinu hii ilitangazwa mwaka 1761 na Leopold Auenbrugger wa Austria, mwana wa mwenye nyumba ya wageni. Ni kama mchuuzi wa mafuta ya taa anavyogonga pipa: palipo na hewa huvuma, palipojaa hutoa sauti butu. Eksirei huthibitisha.

Kinachofuata ndicho watu hukimbia. Husemwa kwamba atolewaye maji hufa. Ukweli ni kwamba wengi huletwa wakiwa wamechelewa. Sindano hupitishwa juu tu ya ubavu, kwa kuwa mishipa hupita chini yake, na maji hayatolewi yote kwa pupa. Kwa kawaida hayazidi lita moja na nusu kwa mara moja, kwani pafu likifunguka ghafla laweza kuvimba. Akiwekewa mpira na chupa, jamaa wasiiinue chupa hiyo kupita kifua chake, maji yasije yakarudi.

Ikiwa ni kifua kikuu, dawa ni za miezi 6, na hutolewa bure katika vituo vya serikali. Taabu ni kwamba wavuvi hufuata samaki, leo Sori, mwezi ujao Mfangano. Anayehama na abebe kadi yake ya matibabu pamoja na nyavu, na amwage muuguzi kabla ya kupanda mashua.