Jamaa ya Kunde Ndani ya Mawe

Kila msomaji wetu aijua jamaa ya kunde, hata kama hajapata kuiita kwa jina hilo. Kunde, mbaazi na maharage ni wa jamaa moja na mkwaju, mgunga, mninga na mpingo. Leo twataka kueleza jinsi wataalamu waitambuavyo jamaa hii, si shambani wala mwituni, bali ndani ya mawe.

Katika Mkoa wa Singida, Tanzania, pana mahali paitwapo Mahenge (nayo si ile Mahenge ya Ulanga). Zamani sana volkano ilipasuka hapo ikaacha shimo, na shimo likajaa maji, likawa ziwa dogo. Ni volkano ya namna ile ile iliyoleta almasi za Mwadui, zilizogunduliwa mwaka 1940. Majani ya miti ya kandokando yalianguka ziwani yakazama, na tope laini likayafunika, tabaka juu ya tabaka, hata tope lenyewe likawa jiwe. Umri wake umepimwa kwa chembe za madini ya zirkoni: yapata miaka milioni 46. Jiwe hilo likipasuliwa kwa uangalifu, jani huonekana limejichapa juu yake.

Basi mtu atajuaje kuwa jani hilo ni la jamaa ya kunde? Wengi watasema, tafuta ganda. Shauri hilo ni jema, lakini ganda laweza kudanganya. Tazama mlonge: una maganda marefu mfano wa maharage, wala si wa jamaa hii hata kidogo. Ganda la mlonge hupasuka sehemu tatu. La kunde hupasuka mbili, na mbegu zake zimeshikamana kwa safu upande wa mshono mmoja. Katika jiwe, ambamo ganda limebanwa likawa bapa, hatuna budi kuutafuta mshono huo na alama za mbegu.

Lakini mara nyingi ganda halipo, na jani ndilo shahidi. Shika tawi la mkwaju utazame chini kabisa ya kikonyo cha jani. Hapo pana uvimbe mdogo wenye mikunjo ya kukata upande. Vijijani navyo vina uvimbe wao mdogo, na kwa huo hujifunga usiku na kufunguka asubuhi. Mikunjo hiyo yaweza kuonekana hata katika jiwe, kwa kioo cha kukuzia. Kwa kuwa mimea mingine michache ina uvimbe kama huo, mtaalamu hukusanya dalili nyingi: jani limegawanyika vijijani vingapi, vimekabiliana au vimepishana, tako la kijijani limepinda upande mmoja au ni sawa, na mishipa yake imepitaje. Hayo yote hupimwa, huchorwa, kisha hulinganishwa na majani ya miti iliyo hai.

Kwa njia hiyo, mwaka 2000, Patrick Herendeen na Bonnie Jacobs wa Marekani waliyaeleza majani ya Mahenge. Mmea mmoja waliuita Aphanocalyx singidaensis, kwa heshima ya Singida. Na hapa yatupasa kuangalia sana, maana miti ya Aphanocalyx iliyo hai, walio wengi, huota katika misitu ya mvua ya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Mtu aliyetazama jina peke yake angalisema kwamba Singida ilikuwa msitu mzito wa mvua. Lakini majani ya mimea yote ya hapo, yalipopimwa ukubwa wake kwa pamoja, yalitoa habari nyingine, iliyotangazwa mwaka 2004: mvua ya mwaka ilikuwa karibu milimita 640, si mbali na ile inyeshayo huko siku hizi, na kulizunguka ziwa palikuwa na pori la miti lililofanana na miombo.