Ndege Ina Gramu Ngapi? Kabla Hujamnunulia Mtoto Mota

Mwezi huu tuongee jambo la watoto wetu, lakini wazazi pia musikilize, maana pesa inayopotea ni yenu.

Hapa Dzaleka watoto wanatengeneza magari ya waya tangu kambi ilipoanza mwaka 1994. Siku hizi wengine wameinua macho juu. Ukienda Lilongwe si unapita Lumbadzi, penye uwanja wa ndege wa Kamuzu? Mtoto akiona ndege kubwa inashuka pale, akirudi nyumbani anaanza kukata katoni.

Mpwa wangu ni mmoja wao. Aliunda ndege ya katoni na povu la maboksi, akafunga mota ya redio kaseti na betri nne za tochi. Propela, yaani lile panga la mbele, ilizunguka vizuri. Ndege haikusogea hata hatua moja. Akasema, "Mjomba, inataka mota kubwa." Fundi mmoja akampatia mota ya waipa ya gari. Nguvu ipo, lakini ile mota peke yake ilikuwa nzito kuliko ndege nzima! Mama yake alikuwa ameshatoa pesa ya mandazi ya wiki.

Kosa lilikuwa wapi?

Mota ya kaseti imetengenezwa izunguke polepole na kwa usawa, kwa kawaida kama mara 2,400 kwa dakika, ili wimbo usikimbie. Ndani yake kuna kidhibiti kinachoizuia kupita hapo. Mota ya waipa ina gia ndani: inasukuma kwa nguvu lakini inazunguka taratibu, tena ni chuma kitupu. Zote mbili ni nzima, ila kila moja ilizaliwa kwa kazi yake.

Kwa hiyo usianze na mota. Anza na mizani. Peleka ndege kwa muuza maharage, uombe akupimie pamoja na betri na kila kitu kitakachopanda.

Hesabu ya wati

Mafundi wa ndege ndogo wana kanuni nyepesi: ndege ya kujifunzia inataka wati kama 200 kwa kila kilo. Ikiwa na gramu 500, tafuta wati 100. Wati unazipata kwa kuzidisha volti na ampea. Betri ya lithiamu ya seli tatu ina volti 11.1, mota ikivuta ampea 9, unapata wati kama 100. Basi!

Mota za kisasa za ndege hazina makaa ndani, zina waya tatu, na zimeandikwa Kv. Hiyo ni idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haijabeba kitu. Mota ya Kv 1,000 kwa volti 11.1 itazunguka kama mara 11,100, na ukifunga propela itapungua. Wengi wanadhani Kv kubwa ndiyo nguvu. Hapana. Fikirieni gia za baiskeli. Kv ndogo ni gia ya kupanda mlima: inazungusha propela kubwa. Kv kubwa ni gia ya mteremko: inataka propela ndogo. Ukiweka propela kubwa kwenye Kv kubwa, mota itavuta umeme kupita kiasi mpaka inuke moshi.

Mota hiyo haiwaki kwa betri peke yake. Inahitaji kontrola ya spidi, nayo iwe na ampea zaidi ya zile za mota. Mota ya ampea 10, chukua kontrola ya 15 au 20. Ikizunguka kinyume, usiitupe: badilisha waya mbili kati ya zile tatu.

Ambaye hana pesa asikate tamaa. Ndani ya deki mbovu ya CD ya kompyuta kuna kimota kisicho na makaa, kile kinachozungusha sahani. Miaka ya 2000 watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wanakifungua, wanakisuka upya kwa waya nene na kukitia sumaku kali, kisha kinarusha ndege ya gramu mia mbili au tatu. Kontrola bado inahitajika, lakini mota imetoka kwenye taka.

Wazazi, hapa muwe wakali

Betri ya lithiamu ikivimba au kutobolewa inaweza kushika moto, na nyumba zetu zimebanana. Isichajiwe usiku watu wamelala. Propela nayo inakata vidole, kwa hiyo itolewe wakati wa kujaribu mota ndani. Na kabla ya kurusha chochote chenye rimoti, ombeni ruhusa kwa wahusika, maana anga lina sheria.

Je, ni mchezo tu? Juni 2017 serikali ya Malawi na UNICEF walifungua eneo la kujaribia droni Kasungu, na Januari 2020 chuo cha droni kikafunguliwa Lilongwe. Hesabu ya wati ya droni ni hii hii. Na ndiyo hesabu ya sola na ya chaja ya simu, kazi ambazo mtu anaweza kufanya hata humu kambini.

Mpwa wangu alipunguza katoni mpaka ndege ikafika gramu 480. Ilichukua miezi kupata mota sahihi, maana tangu amri ya mwaka 2023 ya wakimbizi kurudi kambini, kwenda mjini kununua kitu si jambo la kila siku. Ukikosea, hurudi kesho kubadilisha. Ilipopaa, ilikaa hewani muda wa kuhesabu ishirini, ikaangukia mahindi ya jirani. Tuliomba msamaha, tukacheka wote.

Basi mtoto akija na mota mkononi, usimfukuze. Mwulize kwanza: ndege yako ina gramu ngapi?